Matundu ya Chumba cha Altimita

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Sisi ni kikundi cha vijana wa Malindi tunaounda roketi ya kipenyo cha milimita 98. Chumba cha elektroniki tumekitengeneza kwa bomba la faiba la urefu wa sentimita 22, na ndani yake tumeweka altimita itakayofungua parachuti ndogo kileleni, kisha ile kubwa roketi ikishuka hadi mita 200. Fundi mmoja anatuambia tutoboe tundu moja kubwa ubavuni. Mwenzake anataka chumba kizibwe kabisa, chumvi ya bahari isiingie. Tumsikilize nani? Na je, altimita moja yatosha?
Msomaji, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam. Mkimfuata fundi wa pili, parachuti hazitafunguka. Altimita ya namna hii hupima shinikizo la hewa: roketi ikipaa shinikizo hupungua, na linapoanza kuongezeka tena chombo hutambua kwamba kilele kimepita. Ndani ya chumba kisichopitisha hewa hakuna badiliko lolote la kutambua.

Tundu moja nalo hudanganya, kwa sababu upepo ukilipiga upande mmoja, au roketi ikiyumba, shinikizo la ndani hupanda na kushuka pasipo urefu kubadilika. Afadhali matundu matatu au manne yaliyo kwenye mstari mmoja kuzunguka bomba, yenye nafasi sawa baina yake, mbali na pua ya roketi na mbali na kichwa chochote cha skrubu kilichochomoza juu yake. Kanuni iliyozoeleka ni tundu moja la milimita 6.4 kwa kila lita 1.6 za nafasi, na chumba chenu kinakaribia kabisa kipimo hicho. Eneo hilohilo likigawanywa kwa matundu manne, kila moja litakuwa la milimita 3.2. Yakiwa madogo mno, shinikizo la ndani hubaki nyuma ya lile la nje na parachuti huchelewa, hata roketi iwe imeshika kasi ya kuchana bomba lake kwa kamba. Toboeni kwa keekee yenye ncha kali, kisha kingo zipigwe msasa hadi kidole kisihisi kitu.

Pale ambapo fundi wa pili ana haki ni kwenye vifuniko vya miisho miwili. Baruti inayosukuma parachuti ndogo hulipuka nyuma tu ya kifuniko, na moshi wake ukipenya kwenye kitundu cha waya, shinikizo hupanda ghafla. Altimita hudhani roketi imeshafika chini na kufungua parachuti kubwa huko huko juu, nanyi mtaitafuta kwenye mikoko ya Ngomeni. Kila waya uzibwe kwa epoksi unapopita, na vyuma viwili vya nyuzi vinavyobana vifuniko vikazwe kwa nati na washa. Betri ifungwe imara, vituo vyake vikielekea chini, ili msukumo wa kuruka uikandamize kwenye viunganishi badala ya kuing'oa.

Kuhusu chumvi, dawa yake ni matunzo: swichi na viunganishi vikaguliwe kabla ya kila safari, na panapoonekana kutu ya kijani pasafishwe au pabadilishwe.

Altimita moja inaweza kutosha, lakini kwa uzito wa roketi yenu ningeweka mbili. Mbili zinazotumia betri moja si akiba, kwani betri hiyo ikifa zote zimekufa. Kila moja iwe na betri, swichi na baruti yake, na ya pili icheleweshwe sekunde moja au mbili baada ya kilele ili milipuko isikutane. Jaribuni kwanza ardhini, watu wakiwa mbali. Baruti yenyewe haishikwi bila kibali cha serikali, na anga, hasa karibu na uwanja wa ndege wa Malindi, huombewa ruhusa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Siku ya kurusha, swichi ziwashwe roketi ikiwa imeshasimama kwenye reli yake, na kiberiti cha injini kiunganishwe baada ya hapo, si kabla.