Mnaohamisha tovuti za WordPress, acheni Ctrl+H kwenye faili la SQL

Kila msimu wa fildi vijana wa vyuo vya UDOM na CBE wanasambaa kwenye maofisi ya Dodoma, kuanzia mjini hadi Mtumba, na haichukui muda mmoja wao anaambiwa: "Wewe si umesoma kompyuta? Tuhamishie tovuti iende kwenye domeni mpya." Kosa linalofuata ni lilelile la waliowatangulia: kubadilisha anwani kwa Ctrl+H (tafuta na ubadilishe) ndani ya faili la SQL, yaani nakala ya databesi. Wadogo zangu, nawapenda, ila hili tulimalize leo.

1. Bakapu: folda ya wp-content, wp-config.php, .htaccess na databesi nzima. Irejeshe kwanza kwenye mashine yako uone kama inafunguka, vinginevyo hujui umebeba nini.

2. Siku moja kabla, shusha TTL (muda ambao anwani hukumbukwa) ya rekodi ya A, ile inayoelekeza domeni kwenye seva, hadi sekunde 300. Ukiiacha 86400, kuna watu watafikia seva ya zamani kwa saa 24 nzima. Unabadilisha na nameserver (seva inayotunza rekodi za domeni)? Nakili rekodi za MX, zile za barua pepe, maana bosi anaweza kuvumilia tovuti kuzima, lakini barua pepe hapana.

3. Sasa tufike kwenye Ctrl+H. Mnaitoa databesi kwa phpMyAdmin (zana ya kusimamia databesi), mnafungua faili la .sql kwenye Notepad++, mnabadilisha anwani ya zamani kwa mpya, mnaliingiza tena. Tovuti inafunguka, makala zipo, picha zipo, unaaga unaenda kula. Baadaye mtu anauliza widgeti za pembeni ziko wapi. Logo imeondoka, slaida ya ukurasa wa mbele haionekani, themu imerudi kama ilivyokuwa siku ya kuwekwa. Na kwenye skrini hakuna ujumbe wowote wa kosa.

WordPress na plagini zake huhifadhi mipangilio mingi ikiwa imesirialaizwa, yaani imefungwa pamoja kama kifurushi kimoja cha maandishi. Humo kila maneno hutanguliwa na hesabu ya baiti zake: s:19:"https://mfano.co.tz". Zihesabu, ni 19. Ukiweka https://mfano.or.tz/habari urefu unakuwa 26, ila ile 19 imebaki palepale. PHP inasoma baiti 19, inatarajia kukuta alama ya kufunga nukuu, inakuta mkwaju (/). Hapo haikatai anwani hiyo peke yake, inakataa kifurushi chote na kurudisha false. WordPress inaona hakuna mipangilio, themu inachukua ya msingi. Ukiingia kwa haraka "kurekebisha" na kubonyeza Hifadhi, ya msingi inaandikwa juu ya ile iliyokuwa bado inaweza kuokolewa. Kuanzia hapo tegemeo lako ni bakapu tu.

Kwa nini kosa hili halikomi kwetu? Tazameni domeni zetu: .co.tz, .or.tz, .go.tz, .ac.tz, .sc.tz. Zote zina herufi mbili katikati. Aliyehama kutoka .co.tz kwenda .or.tz kwa jina lilelile, 19 yake imebaki 19 na Ctrl+H imekubali. Huyo ndiye anayewafundisha wenzake. Siku anayeiga anapohamia folda, au anapotoka http kwenda https, ile herufi moja ya s inatosha kuharibu kila kitu.

Tumieni WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za kuandika:

wp search-replace 'https://mfano.co.tz' 'https://mfano.or.tz/habari' --all-tables-with-prefix --skip-columns=guid --dry-run

Inafungua kifurushi, inabadilisha, inahesabu upya, inakifunga. Soma idadi inayoonyesha, ikikuridhisha ondoa --dry-run, ambayo hufanya jaribio tu bila kubadilisha kitu. Safu ya guid iacheni, kwa sababu visomaji vya RSS huitambua makala kwa hiyo. Ukiigusa, makala za zamani zitawarudia wasomaji kama mpya. Kama unaingia folda ndani ya domeni ileile, endesha amri mara moja tu: anwani mpya ina ya zamani ndani yake, ukirudia utapata /habari/habari. Na kurasa za Elementor (plagini ya kujenga kurasa) zimehifadhiwa kwa JSON, mfumo mwingine wa kuandika data, mikwaju imeandikwa https:\/\/mfano.co.tz, kwa hiyo amri ya kawaida inazipita. Tumia zana yake yenyewe ya kubadili URL.

4. Ukiingia wp-admin inakurusha domeni ya zamani? siteurl na home, mipangilio inayobeba anwani ya tovuti, hazijabadilika. Weka WP_HOME na WP_SITEURL kwenye wp-config.php. Zikiwa humo zinashinda za kwenye databesi, msije mkamtafuta mchawi baadaye.

5. Ukurasa wa mbele unafunguka, mingine 404: ingia Permalinks, bonyeza Save. Kwenye folda, RewriteBase ndani ya .htaccess iwe /habari/. Seva ya Nginx haisomi .htaccess kabisa, hapo zungumza na anayesimamia seva.

6. Elekezeni anwani za zamani kwenye mpya kwa 301 (uelekezaji wa kudumu), kila ukurasa kwenye mwenzake. Kurusha wote kwenye ukurasa wa mbele ni kumpotezea njia mwananchi aliyehifadhi linki ya fomu. Pimeni kwa amri ya curl -I, kwa kuwa kivinjari hukumbuka 301 ya zamani na kukudanganya. Maelekezo hayo yakae angalau mwaka 1, maana yake domeni ya zamani iendelee kulipiwa. Mwambie mhasibu aiingize kwenye bajeti kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Domeni ikibadilika, itaarifu na Google kwa zana ya Change of Address kwenye Search Console. Kuhama folda tu hakuihitaji.

Kabla hujakabidhi, fungua Settings, kisha Reading, uondoe ile tiki ya kuzuia injini za utafutaji uliyoiweka wakati wa majaribio.