Povu kwenye mashine ya mlango wa mbele: sabuni gani ununue na uweke kiasi gani (Arusha na Moshi)

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini mashine yako ya kufulia ya kilo 7 inamwaga povu kupitia droo ilhali unaweka sabuni "kidogo tu", na kama kuna ulazima wa kununua sabuni ya mashine wakati ya kawaida ipo kila duka. Ulazima upo. Ila kwa maji yetu ya huku, hata hiyo sabuni ya mashine ukiiweka kwa kipimo cha pakiti bado itakusumbua, kwa hiyo soma hadi kwenye vipimo.

Mashine ya mlango wa mbele haijazi maji kama beseni. Inachukua maji kidogo chini ya dramu, inazinyanyua nguo hadi juu, kisha inaziachia zianguke. Kule kuanguka ndiko kufua kwenyewe. Povu likijaa, nguo zinaangukia kwenye godoro la povu na uchafu hautoki. Hapo ndipo mtu anasema "sabuni haitoshi" na kuongeza kijiko kingine, tatizo linakuwa kubwa zaidi.

Kingine, pampu ya kutoa maji imeundwa kusukuma maji. Ikivuta povu inazunguka bure, maji yanabaki chini, na mashine inagoma kukamua. Povu likipanda kwenye kile kimrija cha sensa ya kina cha maji, mashine inadanganyika kuhusu maji yaliyomo. Samsung ikilihisi itaandika SUD au Sd. LG ikishindwa kutoa maji huandika OE, na watu wengi hukimbilia kumwita fundi wa pampu wakati kosa liko kwenye kijiko cha sabuni.

Sasa maji yetu. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, huku kalisi na magnesiamu zikiwa kidogo. Kalisi kuwa chache ndiyo mojawapo ya sababu floraidi inabaki juu hadi meno ya watu yanakuwa ya kahawia. Kwa mfuaji maana yake ni moja: maji ni laini, sabuni haipotezi nguvu kupambana na madini, inatoa povu mara moja. Chemchemi za upande wa Kilimanjaro nazo hutoka kwenye miamba ya volkano, na hali inakaribiana. Kisima cha tambarare kinaweza kuwa tofauti, kipime kwa njia nitakayoeleza hapa chini.

Dukani usiangalie jina la sabuni peke yake. Omo na Ariel, kwa mfano, zote zina ya mkono na ya mashine, na pakiti hukaa rafu moja zikiwa na rangi zinazofanana. Unachotafuta ni neno Auto au Automatic, na bora zaidi picha ya mashine yenye mlango wa duara mbele. Pakiti yenye picha ya beseni au mikono iache. Ya mkono hutengenezwa makusudi itoe povu, kwa sababu anayefua kwa mkono anaamini povu ndilo usafi. Ya mashine imewekewa dawa ya kuua povu.

Ya kuogopa kuliko zote ni sabuni ya maji ya mtaani, ile inayopimwa kwenye chupa za maji zilizokwishatumika. Ile hutengenezwa kwa salfoniki asidi na ungarol (kemikali zinazotoa povu jingi), ikafanywa nzito kwa chumvi. Kwa vyombo na sakafu ni nzuri kabisa. Kwenye mashine hii, hata nusu kikombe cha kahawa ni nyingi.

Kama pakiti haieleweki, au unanunua unga wa kupima, fanya jaribio la chupa. Chukua chupa mbili za nusu lita, kila moja itie maji ya bomba lako ya uvuguvugu hadi nusu. Moja weka nusu kijiko cha chai cha unga unaoutilia shaka, nyingine kiasi hicho hicho cha unga ulioandikwa Auto. Tikisa kila moja mara 20, ziweke mezani dakika 5. Povu la sabuni ya mkono litabaki limesimama kama krimu hadi karibu na shingo ya chupa. La mashine linapungua, unaanza kuona uso wa maji. Ukifanya hivyo na maji ya visima viwili tofauti kwa sabuni moja, utaona pia yapi ni laini zaidi.

Vipimo vya kuanzia kwa kilo 7, unga wa Auto, kijiko cha chakula cha usawa (siyo cha mlima), ambacho hubeba kama gramu 10 hadi 12:
- dramu imejaa, uchafu wa kawaida: vijiko 3
- nusu dramu: vijiko 2
- sare za shule zenye vumbi au nguo za shamba: vijiko 4, na uzikung'ute kwanza, kwa sababu udongo mkavu hautaki sabuni, unataka kutikiswa

Kisha angalia kioo katikati ya kufua. Povu jembamba la kidole kimoja au viwili chini ya kioo linatosha. Kutokuona povu kabisa si kosa. Likifunika nusu ya kioo, punguza nusu kijiko safari ijayo. Kola zikibaki na weusi, ongeza nusu kijiko, usiruke hadi vijiko viwili.

Kuna mtego hapa ambao huwachanganya wengi. Ukibadilisha sabuni leo, povu halikomi leo. Mataulo na mashuka yamebeba mabaki ya sabuni ya zamani. Taulo likikauka gumu kama gunia, ndiyo hayo. Yafue bila sabuni yoyote kwa nyuzi 40, na povu likionekana rudia hadi kioo kiwe safi. Mara nyingi ni mizunguko miwili au mitatu. Vilevile mwambie dada anayesugua kola kwa sabuni ya mche azisuuze kabla ya kuziingiza, maana sabuni ile inaingia dramuni bila kuhesabiwa.

Povu likishafurika, usifungue mlango na usiongeze maji kwa jagi. Simamisha, toa maji, subiri dakika kama 15. Changanya nusu kifuniko cha kilainisha nguo (Downy, Sta-Soft, chochote) kwenye glasi ya maji, mimina kwenye sehemu ya droo ya kufulia, kisha washa kusuuza na kukamua. Kilainishaji kina chaji kinyume na ya sabuni, vikikutana povu linaanguka. Baadaye fungua kimlango cha chini, weka sinia na kitambaa, safisha filta ya pampu.

Asubuhi za Juni na Julai Arusha maji ni ya baridi, na unga hauyeyuki kwenye programu ya dakika 15. Tumia nyuzi 30 au 40, au uyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto. Ukikuta matope ya sabuni kwenye droo wakati hata nyuzi 40 zimetumika, shida ni presha. Mashine nyingi zinataka angalau 0.5 ba, yaani tenki likae kama mita 5 juu ya mashine. Simtanki la kwenye stendi fupi halifiki huko: ama weka pampu ndogo ya kuongeza presha, ama mwaga unga moja kwa moja ndani ya dramu, upande wa nyuma, kabla ya nguo.

Kila mwezi endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 au zaidi, kisha futa mikunjo ya mpira wa mlango kwa kitambaa, hasa ule mkunjo wa chini unaoshika maji. Ukitumia Jiki hapo, isikutane na siki hata tone, hutoa gesi ya klorini. Na uache mlango na droo wazi hadi ndani pakauke.