Piriton ya kulalia

Pole kaka, umeuliza kama unaweza kumeza Piriton ili upate usingizi. Kukosa usingizi siku mojamoja kunachosha, na Piriton ya duka la dawa inapatikana kirahisi. Lakini ile ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni tu. Kidonge cha miligramu 4 hukaa mwilini muda mrefu, ulegevu unaweza kukufuata mpaka kesho yake, na wewe unasema unaendesha bodaboda alfajiri. Hapo ndipo ninapoogopa.

Ukilazimika, meza kimoja tu, usiku ambao kesho yake huendeshi, bila bia wala dawa ya mafua (nyingi zina kiungo hichohicho). Usiifanye ya kila siku: mwili huzoea, usingizi hauji tena. Mwenye presha ya macho au tezi dume iliyotanuka asiiguse kabla ya kumuuliza mfamasia. Valium (dawa kali ya kutuliza na kuleta usingizi) ya kuombaomba kwa jirani, hapana kabisa.

Mimi ningeanza na hiyo chai ya rangi uliyosema unakunywa saa tatu usiku, maana inafukuza usingizi. Iache kuanzia alasiri, na uamke saa ileile hata Jumapili. Ukiwa unakoroma na kukabwa pumzi usingizini, au ukikosa usingizi mara tatu kwa wiki mwezi mzima, muone daktari.