Afande, mafunzo ya JKT yatanifikisha ukamanda wa zimamoto?

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni binti wa Mafinga, nimemaliza JKT kwa kujitolea. Nataka kujiunga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na siku moja niwe kamanda wa mkoa. Mama anasema huko watu hucheza bao wakisubiri moto. Je, mafunzo ya kijeshi yatanisogeza haraka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamwene!

Mimi nilitoka JWTZ nikiwa sajenti, nikaingia zimamoto enzi zile magari mekundu yakiwa bado mali ya halmashauri. Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyotufanya jeshi moja, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Nimestaafu nikiwa Mrakibu Mwandamizi.

Kwata na kuamka alfajiri vitakufaa ukifika chuoni Chogo, kule Handeni. Wenzako watakuwa wanalalamika, wewe umeshazoea. Lakini utaanza konstebo kama wao.

Kazi ngumu iko mbele zaidi. Jeshini nilizoea amri kushuka. Kwenye moto, aliye ndani ya moshi na mpira wa maji ni konstebo, kamanda yuko nje. Huyo mdogo akisema redioni kwamba dari linalegea, unamtoa papo hapo, maelezo atatoa akiwa salama. Nimeona maofisa hodari waliotoka vikosini wakikwama hapo. Masikio yao yalizoea "ndiyo afande" tu.

Halafu kuna raia, ambaye hakupigii saluti. Soko la Mwanjelwa liliteketea mwaka 2006, Mbeya nzima inakumbuka. Hata baada ya hapo niliingia masoko mengine nikakuta njia ya gari letu imejaa meza za nyanya na magunia ya viazi. Ukifoka kijeshi, mama wa nyanya anahama asubuhi, jioni amerudi. Nilijifunza kukaa na viongozi wa soko, tunakunywa chai, tunapima njia pamoja kwa kamba. Ukamanda wangu mwingi ulikuwa huo: ukaguzi, vikao, barua. Siku za moto zilikuwa chache, na nilizipenda hivyo.

Nyumbani kwenu una darasa la bure. Kiangazi, upepo ukivuma Sao Hill, nenda ukaangalie wanavyosafisha njia za kuzuia moto kati ya misonobari, na kwa nini nyasi huchomwa mapema kabla hazijakauka sana. Ofisa anayeelewa moto wa msitu ana thamani kubwa nyanda hizi.

Mama mwambie bao tunacheza kweli, ila kengele ikilia hakuna anayemalizia kete.

Ukipata ada, soma udereva wa magari makubwa, upate leseni daraja E kabla tangazo la ajira halijatoka. Binti anayeweza kushusha gari la maji kwenye mteremko mkali wa Kitonga, kamanda yeyote atamgombania. Na cheti chako cha JKT kitolee nakala kadhaa, zigongwe muhuri wa mwanasheria mapema.