Wa bara wanatuzidi kimo?

Swali: Mwalimu, nanoa klabu ya voliboli ya wasichana wa miaka 14 hadi 16 hapa Kilifi. Uwanja wetu ni mchanga wa ufuoni. Kila tukikutana na wenzetu wa Magharibi na Bonde la Ufa kwenye sakafu, tunapigwa seti zote. Je, nitafute wasichana warefu zaidi?

Jibu: Hapana, kocha mwenzangu. Kimo kiweke kando kwanza. Shule ya sekondari ya Kwanthanze, walioutikisa mchezo huu miaka mingi, inatoka Machakos, si Magharibi wala Bonde la Ufa. Wanachokuzidi wa bara ni idadi ya mipira inayopita mikononi mwao. Shule zao nyingi zilizobobea ni za bweni: mazoezi alfajiri, mazoezi jioni, na dada wa darasa la juu yuko pale pale kumwonyesha aliyeingia juzi. Wako wanakutana mara ngapi kwa wiki?

Halafu kuna mchanga wenyewe, ambao umewafunza mengi. Binti aliyepokea servisi wakati kusi inavuma anausoma mpira mapema kuliko wa bara. Kenya ilipeleka timu ya voliboli ya ufuoni kwenye Olimpiki ya Tokyo, Gaudencia Makokha na Brackcides Agala, kwa hiyo njia hiyo nayo ni ya kweli. Lakini mazoea ya mchanga yana mitego mitatu ukihamia sakafuni.

Wa kwanza ni mpira. Wa ufuoni hujazwa upepo wa kilo 0.175 hadi 0.225 kwa sentimita mraba. Wa ndani, yaani wa sakafuni, ni 0.30 hadi 0.325. Aliyezoea ule laini akipokea huu mgumu kwa mikono ile ile, unamruka hadi upande wa pili wa wavu, na wapinzani wanashukuru. Tafuta mipira ya ndani hata mitatu tu, waipokee kila siku bila kurusha mikono; magoti ndiyo yafanye kazi.

Wa pili ndio unaoniuma zaidi, maana naukuta Pwani yote: hamna maseta, wale wanaomwinulia mpigaji mpira. Ufuoni refa ni mkali kwa pasi ya vidole, basi watoto hukimbilia kupasi kwa mikono ya chini, na vidole vinalala. Chagua wawili sasa hivi. Kila mmoja apige pasi 200 za vidole kwa siku, ukutani kama hakuna mwenzake.

Wa tatu ni miguu. Mchangani mtu hukanyaga bapa na kuruka wima. Sakafuni hatua ya pili kutoka mwisho iwe ndefu, kisigino kitangulie kufunga breki, ndipo mbio zigeuke mruko. Tenga wiki mbili au tatu kabla ya mashindano mkafanye hivyo kwenye uwanja mgumu, ila miruko iwe michache: saruji huumiza magoti ya umri huo. Simama pembeni uangalie viatu vyao tu. Binti anayeishia kugusa wavu baada ya kupiga hajafunga breki; bado anaruka kama yuko mchangani.