Uende kaunta kwanza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikimsomea mama yako kwa sauti. Unasema wenzako wa wodini wamekualika Jumapili mchana kwenye pabu, baa ya Waingereza, ya kijiji kimoja huko Uingereza nje ya mji, nawe unauliza: "Baba, mimi nimeokoka, pombe sinywi. Niende kufanya nini? Au nisingizie zamu?"

Nenda. Na zamu usiisingizie, ratiba si mnaiona wote?

Wewe ukisikia baa unaona hizi za hapa stendi, spika mlangoni na viti vya plastiki. Pabu ya kijijini ni nyumba, na mara nyingi mwenye nayo analala ghorofani. Dari iko chini, mtu mrefu anaingia kwa kuinama. Moto unawaka, mbwa kajilaza chini ya meza na hakuna anayemfukuza. Watoto wanakula na wazazi wao, na wapo wanaomaliza mchana mzima na kikombe cha kahawa.

Mimi nilianza vibaya. Ilikuwa 1987, nipo kule kwenye kozi ya kilimo, siku moja mimi na mwenzangu Mzambia tukaingia pabu saa nane mchana. Tukachagua meza ya dirishani, tukakaa, tukangoja mhudumu. Dakika kumi, hakuna mtu. Dakika ishirini, hakuna mtu. Nikamnong'oneza mwenzangu, "Wametuona weusi." Akaitikia kwa kichwa, tukazidi kununa. Ikafika saa nane na nusu, kengele ikagongwa, watu wakamalizia glasi zao na kuanza kutoka. Mzee mmoja mwenye mbwa akasimama mezani kwetu: "Vijana, hamkutaka kitu?" Kumbe pale hakuna anayekufuata mezani. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa, unabeba glasi yako. Nasi tulifika pabu ikikaribia kufungwa, kwa sheria iliyobaki tangu Vita Kuu ya Kwanza, walipobana saa za kuuza ili wafanyakazi wa viwanda vya silaha wasilewe mchana. Waliilegeza 1988, mimi nimesharudi nyumbani! Siku ile tulitoka koo kavu. Wiki iliyofuata tulirudi, na yule mzee ndiye aliyetununulia ya kwanza.

Kaunta kwenyewe kuna adabu zake. Kwa kawaida hawapangi foleni, wanasimama tu wameegemea, lakini kila mtu anajua nani katangulia, na anayeuza anajua zaidi. Usipunge noti, usipige vidole. Mtazame tu, atakufikia. Ukiulizwa wewe na kuna aliyekutangulia, sema, "Huyu kwanza." Hapo watakupenda. Bakshishi kaunta si desturi. Ukitaka kumshukuru, unamwambia achukue na yake, naye anajumlisha bei ya kinywaji kimoja.

Umeniuliza pia kwa nini wanakunywa bia ya moto. Si ya moto, ni ya ubaridi wa chumba cha chini ya ardhi, nyuzi kumi na mbili hivi. Ile bia ya pipa ni hai. Hamira haijauawa, inaendelea kuchachuka humo humo kama mbege ya bibi yako, na pipa likishafunguliwa ni siku chache tu, baada ya hapo ni siki. Ikipozwa sana ladha inapotea. Wala haisukumwi kwa gesi, ndiyo maana wanaivuta kwa mkono, na ule mpini mrefu utauona kaunta. Viwanda vikubwa vilipoanza kuisukuma kando kwa bia ya gesi, wanywaji wenyewe wakaunda chama cha kuitetea, CAMRA, mwaka 1971. Mzee mmoja wa kanisa letu nilipomsimulia alitaka tufungue tawi la mbege.

Kwa wewe usiyekunywa, sikiliza vizuri. Sida (wanaiandika cider) si juisi ya tufaa, ni pombe, na mara nyingine inaizidi bia. Ginger beer kwa kawaida ni soda tu, ndugu yake Stoney, ila ipo na yenye kilevi, kwa hiyo uliza. Samaki wa kukaanga mara nyingi unga wake umekorogwa na bia, na pai ya nyama nayo mchuzi wake huenda una bia. Jumapili agiza nyama ya kuoka, na viazi, mboga na kile wanachokiita Yorkshire pudding. Usitegemee kitu kitamu. Ni kama andazi lililobonyea katikati, na shimo lake ni la mchuzi.

Sasa kinachokusumbua kweli, najua, ni raundi. Mkiwa wanne, mmoja hununua vya wote, kisha mwingine, mpaka izunguke. Wanakusamehe kunywa soda. Kunywa ya watu ukaondoka kabla ya zamu yako hawasahau. Kama dhamiri inakukataza kumnunulia mtu pombe, mimi sikusukumi, hilo ni lako na Mungu wako. Sema mapema, mkiwa bado mnavua makoti: "Vinywaji vyangu nitajinunulia, lakini vitamutamu baada ya chakula ni juu yangu, meza nzima." Yule Mzambia alikuwa Msabato, alifanya hivyo mwaka mzima na hakuna aliyemwita bahili.

Nje kuna kibao cha picha. Nipigie picha yake. Kama ni mti wa mwaloni na taji, ni Royal Oak, mti aliojificha Mfalme Charles II mwaka 1651 baada ya kushindwa vitani Worcester. Kama ni kulungu dume mweupe, ni White Hart, alama ya Mfalme Richard II. Nina kidaftari changu cha vibao tangu enzi zile, mama yako anakijua na kakichoka.

Anasema uvae sweta. Na meza ya dirishani ukiikuta wazi, weka koti lako hapo, lakini uende kaunta kwanza.

Baba yako