Turbo au supachaja kwa injini ya zamani

Ndugu, umeuliza iwapo gari lako la kasi la miaka ya 1980, ambalo halikutoka kiwandani na turbo, lifungwe turbo au supachaja, yaani vifaa vya kusukuma hewa zaidi ndani ya injini ili iongeze nguvu. Kwa matumizi ya barabarani ningechagua supachaja ya aina ya Roots, ambayo husukuma hewa kwa rota mbili. Kwa kuwa inazungushwa na mkanda kutoka kwenye krankshafti, mhimili mkuu wa injini, msukumo wake wa hewa hupatikana mara tu unapokanyaga mafuta, ilhali turbo, inayozungushwa na moshi wa ekzosi, husubiri moshi huo uongezeke. Ni kweli kwamba supachaja hula sehemu ya nguvu ya injini, na anayetafuta nguvu nyingi kabisa atazipata kwa turbo. Lakini turbo huleta joto kali karibu na mabomba ya mpira na nyaya ambazo kwa umri huo zimeshakauka, tena huhitaji njia yake ya oili.

Swali zito zaidi, kwa maoni yangu, ni mgandamizo, yaani kiasi ambacho injini hubana hewa na petroli ndani ya silinda. Toyota ilipoipa MR2, gari lake dogo la kasi, supachaja mwaka 1986, haikuifunga tu juu ya injini ileile ya lita 1.6, bali ilishusha uwiano wa mgandamizo hadi 8 kwa 1 ili petroli isilipuke kabla ya wakati. Pima kwanza mgandamizo wa kila silinda. Ikiwa hata moja imelegea, ahirisha mpango wote. Kisha hakikisha pampu ya petroli na nozeli zinazoinyunyiza ndani ya injini zinatosheleza, kwa sababu mchanganyiko uliopungukiwa petroli huweza kutoboa pistoni, iwe umefunga turbo au supachaja.